Msiache vidonge vya sukari kwa ajili ya vitamini D

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wasomaji wenye kisukari, hasa akina mama wenzangu wa pwani, kuhusu vitamini D. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kisukari hapa Tanga. Siku hizi haipiti kliniki bila kukutana na mtu aliyeacha metformini, kile kidonge cha kushusha sukari, au anayeinywa leo na kuiruka kesho na keshokutwa, kwa sababu ameambiwa tatizo lake si sukari bali upungufu wa vitamini D, na kwamba akiijaza hiyo basi sukari itashuka yenyewe. Wengine wamelisikia redioni kwenye vipindi vya wauza dawa. Wengine wametumiwa sauti ya WhatsApp na ndugu aliyeko Muscat au Uingereza, na chupa zikafuata ndani ya begi la mgeni.

Linaniuma kwa sababu lina chembe ya ukweli ndani yake. Uongo mtupu naweza kuubishia pale pale mezani. Hili linataka maelezo marefu, na foleni ya kliniki hainipi nafasi hiyo. Ndiyo maana nimeona niandike.

Vitamini D haifanani na nyingine tunazozitafuta kwenye sahani. Sehemu kubwa mwili huitengeneza wenyewe. Miale ya jua inayoitwa UVB ikipiga ngozi, kitu cha jamii ya lehemu kilichomo humo hugeuka kuwa vitamini D. Hapo bado haina nguvu. Hupita kwenye ini ikabadilishwa mara ya kwanza, na hiyo ndiyo inayopimwa maabara. Kisha figo huibadilisha mara ya pili, ndipo inaanza kazi. Kazi yake inayojulikana zaidi ni kuusaidia utumbo kunyonya kalsiamu ili mifupa iwe imara na watoto wasipate matege, ila haikomei hapo. Zile seli za kongosho zinazotoa insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, zina vipokezi vya vitamini D, misuli nayo inavyo, na insulini haitoki ndani ya seli zake mpaka kalsiamu iingie. Kwa hiyo wataalamu waliposhuku kwamba upungufu wa vitamini D unaweza kuufanya mwili ushindwe kuitumia sukari vizuri, hawakuwa wakiota. Na kweli, katika nchi nyingi, watu wenye kisukari cha aina ya pili wakipimwa hukutwa na vitamini D ya chini kuliko wasio nacho. Wenye kitambi vivyo hivyo. Hiyo ndiyo chembe ya ukweli ninayoisema.

Sasa, aliyewahi kwenda soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga alfajiri anajua kwamba kunguru wakijaa ufukweni, boti zimefika. Hakuna anayesema kunguru ndio walioleta samaki. Vitamini D iliyo chini na sukari iliyo juu hukutwa pamoja, lakini swali ni kipi kimeleta kingine, au kama kuna cha tatu kilichovileta vyote viwili.

Cha tatu kipo, na mara nyingi ni uzito pamoja na maisha ya ndani. Vitamini D huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo mtu akiwa na mafuta mengi mwilini, nyingi hubaki humo badala ya kuzunguka kwenye damu. Mwaka 2000 watafiti wa Boston, Marekani, waliwaanika wanene na wembamba kwenye taa za miale ile ile, kwa kipimo kile kile. Vitamini D kwenye damu ya wanene ilipanda kwa kiasi pungufu kwa asilimia 57 kuliko ya wenzao, ingawa ngozi zao zilikuwa na uwezo ule ule wa kuitengeneza. Mwaka 2013 wengine wakachunguza vinasaba vya watu zaidi ya 42,000. Wakaona uzito mkubwa ndio unaoishusha vitamini D, na upungufu wa vitamini D haukuonekana kumnenepesha mtu. Yaani kwa wagonjwa wangu wengi, lile jibu la maabara linaloonyesha vitamini D iko chini ni dalili ya jambo lile lile lililopandisha sukari, halafu wanauziwa dalili hiyo kama ndiyo ugonjwa wenyewe.

Kuna utafiti wa hapa kwetu ambao napenda kuwasimulia wagonjwa. Mwaka 2012 yalichapishwa majibu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania waliokuwa wakiishi maisha yao ya asili, watu wa kutembea nje mchana kutwa. Wastani wa vitamini D yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Kiasi kinachohesabiwa kuwa kinatosha kwa mifupa ni 50. Wauzaji wangelisikia hili wangesema: mmeona, wana vitamini D nyingi, ndiyo maana ni wakakamavu! Lakini hebu mwangalie Mhadzabe anavyoishi. Jua hilo hilo linalompa vitamini D linampiga akiwa anatembea, anachimba mizizi, anapanda mbuyu kufuata asali. Misuli inayofanya kazi huchota sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa haba. Ukimeza kidonge umekaa kwenye kochi, umechukua kitu kimoja katika maisha yale na kuyaacha mengine yote.

Njia ya kumaliza ubishi ni kuwapa watu vitamini D na kuona kitatokea nini, na hilo limefanyika. Jaribio kubwa kuliko yote lilitoa majibu mwaka 2019 huko Marekani, likiongozwa na Dakta Anastassios Pittas. Watu 2,423 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda bila kufikia kisukari waligawanywa. Wengine walikunywa yuniti 4,000 za vitamini D kila siku, na wengine walikunywa kidonge kisicho na dawa ndani yake, bila yeyote kujua amepewa kipi. Baada ya miaka 2 na nusu hivi, waliopata kisukari kwa wale wa vitamini D walikuwa 293, na kwa wale wa kidonge kitupu 323. Tofauti ipo, lakini ni ndogo kiasi kwamba huenda ni bahati tu, na watafiti wenyewe walisema hivyo.

Nisiwafiche la upande wa pili. Wengi wa watu wale hawakuwa na upungufu tangu mwanzo, na kikundi kidogo kilichokuwa na upungufu mkubwa kilionekana kunufaika zaidi. Mwaka 2023 majibu ya Marekani yaliunganishwa na ya Norway na ya Japani, na yote kwa pamoja yakaonyesha kwamba hatari ya kuingia kwenye kisukari ilipungua kwa asilimia 15. Kwa miaka mitatu, hiyo ni kama watu watatu katika kila mia. Mwaka 2024 chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, Endocrine Society, kikapendekeza vitamini D kwa watu wazima walio kwenye hatua hiyo ya kabla ya kisukari, iende sambamba na kubadili maisha. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama vitamini D ni upuuzi, namjibu hapana.

Ila weka hizo asilimia 15 pembeni ya nyingine. Mwaka 2002, Marekani hiyo hiyo, watu 3,234 wa hatua hiyo hiyo walifuatiliwa. Waliotembea walau dakika 150 kwa wiki, wakala kwa mpango na kujitahidi kupunguza uzito kwa asilimia 7, walipunguza hatari kwa asilimia 58. Waliokunywa metformini, asilimia 31. Asilimia 7 kwa mama wa kilo 90 ni kilo sita na ushei. Metformini ya kliniki ni miongoni mwa dawa za bei nafuu tulizonazo, na bei ya chupa moja ya vitamini D kutoka nje inainunua ya miezi. Mgonjwa anaacha kile kilichothibitika kwa nguvu, cha bei nafuu, na kushika kile kilichothibitika kidogo, cha bei ghali. Tena watu wote wa majaribio hayo hawakuwa wamefikia kisukari. Kwa aliye nacho tayari, majaribio mengine yameonyesha sukari ikishuka kidogo tu, mengine hayakuonyesha kitu, na hakuna lililosema mtu aweke vidonge vyake pembeni.

Nimeona pia madhara yake. Mama mmoja, na hapa nimebadili mambo machache asitambulike, aliletwa na binti yake akilalamika kiu isiyokata, kukojoa usiku kucha, choo kigumu na kichefuchefu. Nyumbani walishahukumu kwamba sukari imepanda, wakamzidishia vidonge. Nilipomtoboa kidole, mashine ikasoma milimoli 8 kwa lita. Kwa mtu wa kisukari aliyekwisha kula, hiyo si sukari ya kumfanya akojoe usiku kucha. Nikamwomba binti aniletee kila kitu mama anachokunywa. Kesho yake akaja na mfuko, na ndani mna chupa ya vitamini D ya yuniti 50,000. Kidonge cha nguvu hiyo daktari huandika kimoja kwa wiki, kwa wiki chache, kwa mtu aliyepimwa akakutwa na upungufu. Aliyemuuzia alimwambia anywe kimoja kila asubuhi. Daktari akaagiza kipimo cha kalsiamu, ikakutwa juu sana, na figo zimeanza kuchoka. Alilazwa, akawekewa dripu, akapona. Kalsiamu ikizidi kwenye damu huleta kiu na mkojo mwingi, dalili zile zile za sukari. Fikiria mgonjwa ambaye hakuna anayemfungua mfuko wake. Ataendelea kuongezewa dawa ya sukari mpaka sukari imshuke azimie, na huku kidonge cha asubuhi kinaendelea.

Kwa hiyo someni lebo. Mtu mzima wa kawaida anahitaji kama yuniti 600 kwa siku, na aliyevuka miaka 70 yuniti 800. Juu ya 4,000 kwa siku msiende bila daktari kuwafuatilia. Chupa nyingine huandika kwa mikrogramu, na mikrogramu 10 ni yuniti 400. Mkija kliniki, leteni chupa zote. Sitamgombeza mtu.

Kuna vitamini nyingine ninayotaka muiulizie zaidi ya hiyo, nayo ni B12. Metformini ikitumika miaka mingi inaweza kuipunguza mwilini, na upungufu wake huleta ganzi na kuwaka moto kwa nyayo. Wagonjwa wengi huamini ganzi yote ni ya sukari, wengine wanakunywa vitamini D kwa ajili ya ganzi, na B12 hakuna aliyeigusa. Kama umetumia metformini muda mrefu na miguu inakufa ganzi, mwambie daktari neno hilo: B12. Usiache metformini. Sema tu.

Wanaohitaji vitamini D kweli wapo, na hao ndio ningependa chupa ziwafikie. Mzee aliyelala kitandani ndani miaka. Mtu anayetumia dawa za kifafa kama fenitoini, au rifampisini ya kifua kikuu, kwani dawa hizo hulifanya ini liimalize vitamini D haraka. Mwanamke anayetoka akiwa amefunikwa mwili mzima na nyumbani anaishi ghorofani pasipo uani. Mtoto anayenyonya ambaye mama yake mwenyewe hana. Mgonjwa wa figo yeye ni jambo la peke yake. Figo zake haziwezi kuikamilisha vitamini D, kwa hiyo anaweza kuhitaji ile ambayo tayari imeshageuzwa, na hiyo huandikwa na daktari wake. Akijinunulia ya dukani anaweza kujiumiza.

Kuhusu jua, mengi tuliyorithi yanahitaji kurekebishwa. Sisi tumelelewa kwamba jua zuri ni la asubuhi, la saa 1. Linapendeza, lakini miale inayotengeneza vitamini D saa hiyo ni hafifu, kwa sababu jua likiwa chini miale hiyo huishia njiani angani. Hufika vizuri jua likiwa juu, na namna rahisi ya kujua ni kutazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, miale ipo. Huku kwetu karibu na ikweta hilo hutokea kila siku ya mwaka kuanzia mnamo saa 4 asubuhi mpaka saa 8 au 9 mchana. Ndugu zetu wa Uingereza hawalipati jua la namna hiyo kuanzia Oktoba hadi Machi, ndiyo maana serikali ya kule huwashauri watu wanywe mikrogramu 10 kwa siku majira hayo, na wenye ngozi nyeusi kama sisi wafikirie kunywa mwaka mzima. Ushauri huo ni sahihi kwao. Wanapoutuma huku waseme na mahali ulikotoka.

Ngozi nyeusi huchukua muda mrefu zaidi kuliko nyeupe, lakini haina maana ukae juani mpaka kichwa kiume. Muda mfupi, mikono na miguu ikiwa wazi, mara kadhaa kwa wiki, wengi huwatosha. Nyuma ya kioo cha dirisha haisaidii, kwa sababu kioo huizuia miale hiyo. Wenye ualbino jambo hili haliwahusu kabisa. Jua kwao ni hatari ya saratani ya ngozi, waendelee kujifunika na kupaka losheni zao.

Na nyinyi wenye ganzi, tafadhali msitoke pekupeku. Saruji ya uani saa 7 mchana huunguza, na mguu uliokufa ganzi haukuambii. Nimefunga vidonda vya nyayo vilivyoanza hivyo, vya watu waliotoka nje kutafuta afya. Vaeni viatu vilivyofungwa, na mkirudi ndani tazameni nyayo, hata kwa kioo.

Chakula nacho kisisahaulike, maana sisi wa Tanga tuna bahati ambayo wa bara hawana. Vitamini D imo kwenye samaki wenye mafuta: vibua, simu, jodari. Imo kidogo kwenye kiini cha yai na kwenye maini. Vibua ni samaki wa mtu wa kawaida, na mgonjwa wa kisukari akipika vibua vyake vya mchuzi au vya kuchoma, akapunguza ule mlima wa wali pembeni, amefanya mambo mawili kwa mpigo. Wali ndio ninaogombana nao kila kliniki, lakini hiyo ni barua nyingine.

Wenzetu wa redio nina ombi kwao. Mtu akija studio na chupa, muulizeni hewani: je, mgonjwa aendelee na vidonge vya hospitali au aache? Mlazimisheni ajibu wazi, wasikilizaji wakisikia. Wengi wanaoacha dawa hawakuambiwa waache. Waliachiwa waelewe hivyo.

Kwa akina mama wanaoniambia, "Sista, mimi na baibui langu nitatembea wapi, nitaota jua wapi," nawaelewa, na mimi pia navaa. Mtaani kwetu tumeongea na mwalimu mkuu wa shule yenye uzio mrefu, akakubali kutufungulia uwanja Jumamosi kuanzia saa 4 asubuhi, wanaume wasiingie. Tunazunguka uwanja, mikono wazi, wengine wanatembea taratibu kwa sababu ya magoti. Mabinti wameanza kuja na mama zao. Kila mtu anapimwa sukari kabla ya kuanza, na mwenye kutumia insulini anabeba juisi au peremende, isije ikamshuka katikati. Mtaa wowote wenye uwanja wenye uzio unaweza kufanya hivi bila bajeti ya mtu. Mkiwa tayari, mwiteni muuguzi wa zahanati yenu siku ya kwanza aje na mashine ya sukari, naye atakuja.

Wako,
Muuguzi wa kliniki ya kisukari,
Tanga